Drili Tatu na Shimo Moja

Léandre Veilleux alinunua drili tatu za betri siku moja, katika duka moja, na hakuwa mwendawazimu. Duka lilimpa mteja siku thelathini: chukua, jaribu, usipoipenda irudishe na risiti yake. Watu wa Beauce, wilaya yake ya misitu na theluji, hutumia ruhusa hiyo kurudisha suruali zilizowabana. Léandre aliitumia kuandaa mashindano.

Alizipanga mezani katika kibanda cha kupikia shira ya utomvu wa miti, kando ya jiko baridi, kama mtu anayepanga washitakiwa. Nyekundu, njano, buluu. Ya nne, ile ya kijani aliyoitumia miaka tisa, ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari wake. Hiyo haikuwa mshindani. Hiyo ilikwisha hukumiwa.

"Ndiyo iliyotuua mwaka jana," alisema, akiinyoshea kidevu. "Mdomo wake umelegea. Ncha inacheza."

"Labda, baba," alisema binti yake, Maryse.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na sita alikuwa akitembea nyuma ya baba yake msituni na nyundo mkononi. Baba anatoboa mti, binti anagonga kimrija. Alijua kwamba mdomo wa ile drili ya kijani haukuwa umelegea. Alikuwa ameujaribu mwenyewe mara tatu, mlango ukiwa umefungwa.

Shimo la utomvu si shimo la kutundikia picha ukutani. Ni jembamba kuliko kidole cha mwisho cha mkono, kina chake hakizidi pingili mbili za kidole, na sharti liwe duara kamili. Kimrija cha plastiki kinachogongwa ndani yake hakina gundi wala msumari. Kinashikwa na uduara tu. Kutoka hapo mipira ya buluu, kama ya kumwagilia bustani, inashuka mti kwa mti mpaka kibandani, na pampu inafyonza. Shimo likiwa na umbo la yai, pampu inakunywa hewa badala ya utomvu, na mti mmoja unaovuja unawaibia wenzake mia. Tena shimo halishonwi. Ukilikosea umekosea mpaka mwakani, maana mti mmoja hupewa jeraha moja kwa mwaka, na mwenye adabu haongezi la pili.

Mwaka jana mashimo ya Léandre yalivuja karibu msitu mzima. Walipata nusu ya utomvu wao. Mwaka mwingine kama ule, miti yao mia tisa ya sukari ingekwenda kwa mwenye msumeno aliyekwisha kupita mara mbili kuitazama, akiipapasa kama ng'ombe wa mnada.

Maryse alijua kilichotoboa mayai yale. Alikiona kwanza wakati wa vuli, mezani, kijiko cha mchuzi wa njegere kilipofika mdomoni kwa baba kikiwa kitupu. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka, taratibu, bila haraka, kama unaohesabu. Alimwekea siku kwa daktari mara mbili. Mara zote mbili Léandre aliwasha gari akaenda kwingine.

Basi kwa nini asimnyang'anye drili? Asiyezaliwa kule angeuliza hivyo. Katika msitu ule anayetoboa ndiye mwenye msitu, wengine wote ni wasaidizi. Babu yake Maryse alimkabidhi Léandre keekee ya mkono asubuhi moja ya Februari, akaingia ndani, akakaa karibu na jiko, na hakuuona utomvu wa mwaka uliofuata. Hakuna aliyesema kwamba jambo moja lilileta lingine. Hakuna pia aliyelisahau.

Saa nane mchana lori dogo liliingia uani, na Clermont Poulin akashuka akikung'uta theluji buti zake. Alikuwa jirani, mtoboaji kama Léandre, na mtu wa njano: betri zake zote, msumeno wake, taa yake, hata feni ya kambini, vyote njano. Kule betri ni kama ndoa. Ukishanunua moja, umeoa na ukoo wake.

"Ee bwana!" alipiga kelele mlangoni. "Nimesikia umeingia mitala uzeeni! Wake watatu kwa mpigo!"

"Funga mlango, unaleta baridi."

"Baridi iko humu ndani, jiko lako limekufa. Maryse, binti, baba yako anakulisha kweli?"

"Ananilisha maneno, mzee Clermont."

"Ah, basi umeshiba." Aliiona ile ya njano, akaivulia kofia. "Shikamoo, malkia. Léandre, mimi kama wewe ningefunga shauri hapahapa. Rudisha hao wawili, tunywe kahawa."

"Wewe ndiye hakimu," alisema Léandre, "na hakimu hatakiwi kuona. Nenda kakae kwenye lori lako mpaka nikuite. Nikimaliza utakuja kunyonya."

"Miaka sitini na nane nimeishi, sijawahi kualikwa vizuri namna hii," alisema Clermont, akatoka.

Betri zilikuwa zimelala nje usiku kucha katika baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, kwa sababu betri inayojisifu dukani haina maana kama inakufa msituni. Gogo la mti wa sukari, bichi, lilikuwa limesimamishwa katikati ya kibanda. Masharti yalikuwa ya haki: ncha mpya kwa kila drili, mashimo kumi na mawili kila moja, kila drili na safu yake. Maryse alipewa kipande cha boksi na penseli aandike safu ipi ni ya nani.

Ya nyekundu ilianza. Ilizama katika gogo kama kijiko katika siagi, na ilipokwama kidogo ilimpindua Léandre kiwiko mpaka akatukana.

"Ina nguvu, lakini haina malezi," alisema. "Andika."

Maryse aliandika.

Ya njano ilikuwa nzito, imetulia, na sauti yake ilikuwa nene. Ya buluu ilikuwa nyepesi kuliko zote na bei yake nusu ya nyekundu. Léandre aliipima kiganjani, akainua nyusi. "Hii ni kwa mwanamke wa mjini anayetundika rafu," alisema. Kisha alipotoboa nayo mashimo sita bila kuchoka akaitazama tena kwa heshima. "Haya. Andika kwamba nimekosea."

Alijua kazi yake. Hilo ndilo lililomuuma Maryse. Alijua kusikiliza betri inapoanza kuchoka. Alijua kusoma maranda yanayotoka shimoni, meupe ni mti mzima, ya kahawia ni jeraha la zamani. Katika msitu mzima aliweza kukuonyesha kila kovu alilolitoboa tangu Maryse hajazaliwa. Yote yalikuwa kichwani, hayajapungua hata tone. Lakini ncha ya drili ilipogusa gogo ilitembea. Ilitembea kidogo sana, unene wa ukucha, kabla ya kuzama. Ilitembea kwa nyekundu, ikatembea kwa njano, ikatembea kwa buluu.

"Inacheza mdomoni," alisema baba kila mara. "Na hii pia inacheza. Siku hizi hawatengenezi vitu."

Shimo la thelathini na sita lilipokwisha, alipumua, akauficha mkono wa kulia mfukoni haraka, kama mtu anayeficha chupa. "Nakwenda kumwita yule mpumbavu."

Mlango ulifungwa. Maryse alibaki na gogo.

Hakukusudia lolote. Au alikusudia kujua tu, kwa hakika, bila labda. Aliishusha drili ya kijani msumarini, ile iliyohukumiwa, akaweka ncha mpya, akaisimamisha mwishoni mwa safu ya njano palipobaki nafasi ya shimo moja. Alitoboa. Ilichukua sekunde mbili. Alipuliza maranda, akainama.

Shimo lilikuwa duara, duara la mwezi wa usiku wa kumi na nne.

Alikuwa bado analitazama aliposikia buti mlangoni. Aliirudisha drili msumarini bila kuitoa ncha.

Clermont aliingia akisugua mashavu. Kazi ya hakimu wa mashimo ni ya kizamani na haina heshima: anagonga kimrija shimoni, anavisha mpira mfupi, ananyonya hewa yote, kisha anaziba mpira kwa ulimi. Shimo likiwa zuri ulimi unanaswa. Likiwa linavuja ulimi unarudi kwa mwenyewe.

Alijaribu la kwanza. "Huyu anapumua." La pili. "Huyu anakoroma." Alihama safu. "Huyu... Léandre, umetoboa hili kwa uma?"

"Nyonya, acha hotuba."

"Nanyonya, nanyonya. Mke wangu akiniona hivi ataomba talaka." La tano likavuja, la sita likavuja. Mzaha wake ukaanza kupungua. Alirukia mwisho wa safu ya katikati, akagonga, na nyundo ikabadilika sauti, kutoka mlio mkavu hadi mzito, *dup*, kama mlango wa gari jipya. Alinyonya. Aliweka ulimi. Macho yakamtoka.

"Ihi!" alisema, ulimi umenaswa. "Ihi! Ihi hahaha!"

Na Léandre akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Maryse hakuwa amekisikia kicheko kile tangu vuli, na alikuwa amesahau jinsi kilivyo, kinavyoanza kwa kikohozi na kuishia kwa machozi. Clermont alijinasua, *pwa*, akajipiga mapaja kwa furaha.

"Hiyo ndiyo! Hiyo ingefyonza na soksi! Ni ya nani? Sema, Maryse, ni ya nani?"

Wazee wawili walimgeukia. Kipande cha boksi kilikuwa mkononi mwake.

Sentensi ilikuwa tayari. *Ni ya kijani, baba. Nimetoboa mimi.* Maneno sita tu, mtoto wa chekechea angeyasema. Hakuyasema. Kwa sababu baba alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko, kwa mkono wa kulia, na kwa mara ya kwanza katika miezi minne alikuwa amesahau kuuficha.

"Ya njano," alisema Maryse.

"Niliwaambia!" Clermont aliruka. "Niliwaambia au sikuwaambia? Malkia! Lete kahawa!" Na kwa furaha ileile aliinama kwenye shimo la jirani, la safu ileile, akagonga, akanyonya, aweke ulimi mara ya pili kwa utamu.

Ulimi ulirudi.

Clermont alibaki ameinama. Alilitazama shimo lile, kisha akalitazama la mwisho. Akatazama juu, kwenye msumari, ambapo drili ya kijani, ile iliyohukumiwa, ilikuwa na ncha mpya yenye maranda meupe mabichi. Akamtazama Maryse. Mwisho akautazama mkono wa Léandre mezani, unaohesabu.

Alisimama polepole, akavaa kofia.

"Na hili pia," alisema. "Limenasa vilevile."

"Basi tumemaliza," alisema Léandre.

Clermont hakusubiri kahawa. Mlangoni alimshika Maryse bega, kisha akatoka. Lori lake lilichukua muda mrefu kuwaka.

Nyekundu na buluu zilirudishwa dukani Jumamosi. Jumatatu walianza kutoboa.

Siku zilikuwa nzuri, baridi kavu, theluji ngumu chini ya viatu vyao vipana vya theluji. Léandre alitangulia, drili ya njano begani kama bunduki ya mwindaji. Alifika kwa mti, akaupapasa, akataja makovu yake kwa miaka, akachagua pahali. "Hapa." Drili ikaimba. Maranda meupe yakaanguka juu ya theluji. Akasonga mbele. Maryse alifika nyuma yake, akaweka kimrija, akagonga.

Alingoja nyundo ibadilike sauti. Mlio mkavu. Akagonga tena. Mkavu. Akigonga zaidi mti utapasuka.

"Imekaa?" baba aliuliza bila kugeuka.

"Imekaa, baba."

Mti wa pili. Mkavu. "Imekaa?" "Imekaa." Kila uongo ulifanana na uliotangulia, na mti mmoja ulifuata mwingine, kwa sababu msitu hauna mahali ambapo mtu anaweza kusema: hapa sasa ndipo pa kusema ukweli. Aliyenyamaza kwenye mti wa kwanza atasema nini kwenye wa ishirini?

Alikuwa amebeba ile ya kijani mkobani. Aliitoa kwenye mti wa sitini hivi, mti mkubwa, unaokutanisha mipira mitatu, wenye shimo bovu kuliko yote. Alijua alichofundishwa: mti mmoja, jeraha moja kwa mwaka. Lakini jeraha lile lilikwisha kutolewa bure. Alisimamisha ncha shubiri moja kando.

"Nini hicho?"

Baba alikuwa amegeuka. Hakuwa na hasira. Alishangaa tu, uso umekuwa mwekundu kwa baridi na furaha ya kazi.

"Nimeibeba... endapo betri yako itakwisha."

"Hii haiishi!" Aliipiga kofi drili ya njano kama farasi. "Mashimo mia nne kwa betri moja, Maryse. Mia nne! Clermont ni mpumbavu, lakini kwa hili alikuwa na haki, na usimwambie nimesema. Huoni tofauti na mwaka jana?"

"Naona."

"Basi itupe hiyo. Inakuongezea uzito bure."

Aliirudisha mkobani. Siku ya pili hakuibeba.

Walimaliza Jumatano alasiri, miti mia tisa na sita. Baba alisimama kwenye mti wa mwisho, akavua glavu, akauweka mkono wa kulia juu ya gome, bapa, ukatulia pale. "Mwaka huu," alisema.

Alhamisi jua lilitoka, matone yakaanza kudondoka paani, na utomvu ukapanda. Léandre alivaa shati safi kama anayekwenda kanisani. Waliingia kibandani, akawasha pampu, wote wawili wakasimama mbele ya geji inayopima nguvu ya mfyonzo.

Geji ile ilitakiwa ifike ishirini na tano. Mwaka jana, mwaka wa msiba, ilifika kumi na nne. Mshale ulinyanyuka ukapita tano, ukapita nane. Ulifika kumi na moja. Ukatetemeka pale, ukakaa.

Pampu ilinguruma. Maryse alikwenda kufungua mlango, si kwa sababu alihitaji kuona kitu nje. Hakukuwa na upepo. Kutoka juu mlimani, mti kwa mti, mamia kwa mamia, ulishuka mluzi mwembamba wa hewa inayoingia pasipostahili. Msitu mzima ulikuwa unapiga mluzi.

Aliufunga mlango. Baba alikuwa anagonga kioo cha geji kwa ukucha, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Baba," alisema Maryse. "Drili..."

"Drili haina kosa." Alilisema haraka, akimpa mgongo. "Drili tumeijaribu."

Akagonga kioo tena. Mshale haukusogea. Aliutazama muda mrefu, akiwa amekaza shingo, kama mtu anayesomewa barua na hataki msomaji afike chini.

"Ni geji," alisema. "Geji imekufa. Ina umri gani? Hawatengenezi vitu siku hizi."

"Labda, baba."

"Kesho twende mjini. Nimeona aina tatu. Za maji, za saa, na ile yenye tarakimu. Tutazileta zote, tutazilinganisha, kwa haki." Alivuta meza ya kazi, akatafuta, akakitoa kile kipande cha boksi. Safu za drili zilikuwa upande mmoja. Akakigeuza upande msafi, akachukua penseli kwa mkono wa kulia, akaishusha karibu na boksi, akaisimamisha hewani. Ncha yake ilitembea.

Akamnyoshea Maryse penseli.

"Andika wewe," alisema, akiitazama geji. "Mwandiko wako unasomeka."

Maryse aliipokea. Ilikuwa bado na joto la mkono wake. Juu mlimani mluzi uliendelea, na jua lilikuwa zuri mno, siku ya utomvu kama ambayo mtu huingoja mwaka mzima. Alichora mistari mitatu, akaandika juu ya kila mmoja jina la geji, akangoja baba amwambie la kuandika chini yake.